Historia ya Kusasisha Fremuweki za Wavuti

Tovuti inayotumia hifadhidata huwa na tabaka tatu za programu, na kila tabaka huzeeka kwa mwendo wake. Chini kabisa kuna seva yenyewe: mfumo endeshi, programu ya kuhudumia kurasa, na lugha kama PHP, Ruby au Python. Juu yake hukaa fremuweki, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari kwa ajili ya kazi zinazojirudia katika kila tovuti, kama vile kupokea maombi ya msomaji, kuthibitisha nywila yake, kusoma na kuandika hifadhidata, na kupanga kurasa. Juu kabisa upo msimbo wa tovuti husika pamoja na programu-jalizi zake. Mtu mwenye tovuti moja huweza kusasisha tabaka zote tatu kwa siku moja akapumzika. Shirika lenye tovuti arobaini katika seva kumi na mbili liko katika hali nyingine kabisa. Kila tovuti hubeba nakala yake ya fremuweki, na nakala hizo huanza kutofautiana siku ileile ya kwanza bila mtu yeyote kukusudia. Kazi ya kuzisasisha ina historia ya takriban miaka thelathini. Kutengeneza kiraka, yaani badiliko dogo la kuziba kosa, mara nyingi kumekuwa sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Uzito umekuwa katika kujua nakala zote zinazokihitaji ziko wapi na nani anazisimamia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na fremuweki ya kusasishwa. Mwaka 1993 kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilibuni CGI, utaratibu ulioiwezesha seva kuendesha programu ndogo kila msomaji alipojaza fomu. Programu hizo, nyingi zikiwa za lugha ya Perl, ziliandikwa na msimamizi mwenyewe au kunakiliwa kutoka kwa mwenzake, kisha zikapandishwa kwenye seva kwa FTP, faili moja baada ya jingine. Kosa lilipoonekana, msimamizi alilifungua faili palepale kwenye seva iliyo kazini, akabadilisha mstari, akahifadhi. Orodha ya nakala haikuhitajika, kwa kuwa aliyeziandika alizijua zote kwa kichwa.

Programu ya seva ya NCSA yenyewe ndiyo iliyoonyesha mapema matatizo ya nakala nyingi. Mwandishi wake mkuu, Rob McCool, aliondoka kituoni mwaka 1994, na wasimamizi walioitegemea wakaanza kuitia viraka kila mtu kwake. Februari 1995 wanane kati yao walikusanyika kwa barua pepe, wakaunganisha viraka vyao, na mwezi Aprili wakatoa toleo la kwanza la Apache kwa umma. Zana waliyoitegemea ilikuwa programu iitwayo patch, iliyoandikwa na Larry Wall mwaka 1985. Mtu alituma mistari iliyobadilika tu, na programu hiyo ikaichomeka mahali pake katika nakala ya mwenzake. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, ambayo hulinganisha faili za mashine mbili na kusafirisha vipande vinavyotofautiana peke yake. Zana hizi mbili bado zinafanya kazi katika seva za leo, na nyingi zilizokuja baadaye zimejengwa juu ya mawazo yake.

Msimbo mmoja kutapakaa katika maelfu ya tovuti kulianza na programu ndogo za kupakua bure. Iliyojulikana zaidi ni FormMail ya Matt Wright, iliyotuma yaliyojazwa kwenye fomu kwa barua pepe. Matoleo yake ya mwanzo yalikubali anwani ya mpokeaji kutoka kwenye fomu yenyewe, kwa hiyo mtu yeyote aliweza kuifanya seva ya mwingine imtumie barua taka yeyote amtakaye. Watumaji wa barua taka waligundua hilo na kulitumia kwa wingi. Toleo lililorekebishwa lilipatikana, lakini aliyeweka nakala ya zamani miaka kadhaa nyuma hakuwa na njia ya kuarifiwa, na mara nyingi hakukumbuka hata kwamba faili hilo lipo.

Kisha zikaja programu kamili za PHP: phpBB mwaka 2000, Drupal ya Dries Buytaert wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, mwaka 2001, na WordPress ya Matt Mullenweg na Mike Little mwaka 2003. Kuzisimika kulikuwa rahisi mno. Mtu alipakua furushi, akalifungua, akalipandisha kwa FTP, akajaza jina na nywila ya hifadhidata, tovuti ikawaka. Kusasisha hakukuwa rahisi hata kidogo. Wengi waliotaka kubadilisha mwonekano au tabia ya tovuti walihariri faili za programu yenyewe, na toleo jipya lilipopandishwa juu yake marekebisho yao yote yalifutika. Ili kuyaokoa waliacha kusasisha.

Gharama ya kuacha ilijulikana Desemba 2004. Mwezi uliotangulia phpBB ilikuwa imetoa toleo 2.0.11 kuziba udhaifu katika faili la viewtopic.php, ambalo lilishughulikia vibaya maneno yanayotakiwa kukolezwa rangi katika ukurasa na hivyo kumruhusu mgeni kuendesha amri kwenye seva. Mnamo tarehe 21 Desemba kirusi kilichoitwa Santy kilianza kusambaa chenyewe kwa kutumia udhaifu huo. Kiliandikwa kwa Perl, na hakikuhitaji kukagua mashine moja baada ya nyingine, kwa sababu kiliiuliza Google ni tovuti zipi zina faili hilo, kikapokea orodha, kikazishambulia. Kila kilipoingia kiliandika ujumbe wake juu ya kurasa zilizokuwepo. Maelfu ya tovuti ziliharibiwa kabla Google haijaanza kuyazuia maulizo hayo. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mshambuliaji anaweza kuwa na orodha ya nakala iliyo bora kuliko ya wenye nakala wenyewe.

Wakati huohuo kizazi cha fremuweki halisi kilikuwa kinazaliwa. David Heinemeier Hansson alichopoa Ruby on Rails kutoka katika programu ya Basecamp na kuitoa Julai 2004. Django, iliyoanzia katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, ilitolewa Julai 2005. Hizi hazikuwa tovuti zilizo tayari, zilikuwa msingi ambao mtengenezaji alijengea tovuti yake. Mgawanyo huo uliondoa kishawishi cha kuhariri kiini, kwa sababu msimbo wa mtengenezaji ulikaa katika folda zake na wa fremuweki katika zake. Rails ilileta pia faili za uhamishaji wa hifadhidata, kila moja likieleza badiliko moja la majedwali, ili seva yoyote iweze kufikishwa kwenye hali inayotakiwa kwa kuendesha faili ambazo bado haijaziendesha.

Mchango mwingine wa jamii ya Rails unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu umbo lake limeenea katika lugha zote. Jamis Buck aliandika zana iliyoitwa kwanza SwitchTower na kisha, mwaka 2006, Capistrano. Iliingia kwa SSH katika seva zote zilizotajwa kwenye faili lake na kuendesha amri moja kwa pamoja. Katika kila seva kulikuwa na folda ya matoleo, na kila upelekaji uliunda ndani yake folda mpya yenye jina la tarehe na saa. Msimbo wote ulipakuliwa humo bila kuigusa tovuti iliyokuwa ikihudumu. Pembeni kulikuwa na folda ya vitu vinavyotumiwa na matoleo yote, kama picha zilizopandishwa na wasomaji. Kila kitu kilipokuwa tayari, kiungo kimoja kilichoitwa "current" kiligeuzwa kutoka folda ya zamani kwenda mpya. Kikitokea kitu kibaya, kiungo kilirudishwa nyuma na tovuti ikawa kama ilivyokuwa dakika moja kabla. Katika enzi ya FTP tovuti ilikaa robo saa ikiwa nusu mpya na nusu ya zamani. Sasa badiliko lilikuwa la mara moja na liliweza kutenguliwa, na hofu ya kusasisha ilipungua sana. Hifadhidata peke yake ndiyo haikurudi nyuma kirahisi, na hadi leo ndiyo inayowafanya wasimamizi kukesha.

Agosti 2006 Rails ilipata jaribio lake la kwanza la dharura. Tarehe 9 watengenezaji walitoa toleo 1.1.5, wakamtaka kila mtu asasishe mara moja, ila wakakataa kueleza kosa lenyewe ili washambuliaji wasilijue. Nia ilikuwa njema, lakini msimamizi mwenye tovuti nyingi hakuweza kuamua aanze na ipi au afunge nini kwa muda. Kesho yake ilibainika kwamba kiraka hicho kilikuwa kimeziba sehemu tu ya tundu. Likatoka toleo 1.1.6 pamoja na maelezo kamili na viraka vya matoleo ya nyuma. Tangu hapo miradi mikubwa ilijenga taratibu rasmi: tangazo lenye maelezo, viraka kwa kila toleo linalohudumiwa, na siku maalumu ya kuvitoa. Drupal, kwa mfano, hutoa masasisho yake ya usalama siku ya Jumatano.

Tabaka la chini nalo lilikuwa na mkwamo wake. PHP 5 ilitoka Julai 2004, lakini miaka mitatu baadaye kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zilikuwa bado kwenye PHP 4. Kampuni zilisema wateja wao wanatumia programu zinazotaka PHP 4, na watengenezaji wa programu walisema hawawezi kuiacha PHP 4 kwa sababu kampuni hazijahama. Mwaka 2007 miradi kadhaa, Drupal na phpMyAdmin zikiwemo, iliungana katika kampeni ya GoPHP5 na kupanga tarehe moja, 5 Februari 2008, ambayo baada yake matoleo yao mapya yangehitaji PHP 5.2. WordPress haikuingia katika mpango huo. Iliendelea kuvumilia matoleo makuukuu ya PHP hadi Mei 2019, ilipopandisha kiwango cha chini kutoka 5.2.4 hadi 5.6.20. Uvumilivu huo uliwasaidia wenye tovuti ndogo katika seva za bei nafuu. Hata hivyo, uliziacha seva nyingi zikiendesha lugha ambayo waandishi wake walikuwa wameshaacha kuihudumia.

Njia mojawapo ya kupunguza wingi wa nakala ilikuwa kuziweka tovuti nyingi juu ya msimbo mmoja. Drupal ilifanya hivyo kwa folda iitwayo "sites", ambamo kila tovuti ilikuwa na folda yake ndogo yenye mipangilio na faili zake, na fremuweki ikabaki moja. WordPress ilikuwa na toleo lake la pembeni, WordPress MU, lililounganishwa na programu kuu katika toleo 3.0 la Juni 2010. Msimamizi wa chuo kikuu chenye idara mia aliweza kubadilisha msimbo mara moja tu. Lakini katika Drupal kila tovuti ilikuwa na hifadhidata yake, na baada ya msimbo kubadilika ilibidi hatua ya kusasisha majedwali iendeshwe kwa kila moja. Iliyosahaulika ilibaki na msimbo mpya juu ya majedwali ya zamani. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba tovuti zote zililazimika kuhama siku moja, hata ile yenye programu-jalizi isiyokubaliana na toleo jipya. Mara nyingi ikatokea kwamba tovuti moja iliyokwama inazizuia tisini na tisa.

Kwa upande wa seva, wazo lililodumu lilitoka Norwei. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Oslo, aliandika CFEngine ili kusimamia kompyuta za aina mbalimbali katika idara yake. Hakuandika orodha ya amri za kutekelezwa. Alieleza hali inayotakiwa, na programu iliyoendeshwa kila baada ya muda katika kila mashine ililinganisha hali hiyo na iliyopo, ikarekebisha tofauti. Mashine iliyokuwa imezimwa siku ya sasisho ilijirekebisha ilipowashwa, jambo ambalo orodha ya amri haiwezi kulifanya. Puppet ya Luke Kanies mwaka 2005, Chef mwaka 2009 na Ansible ya Michael DeHaan mwaka 2012 zote zimerithi wazo hilo kwa namna zake. Maelezo ya hali inayotakiwa yalipowekwa katika faili na faili kuhifadhiwa pamoja na historia ya mabadiliko yake, mashirika mengi yalipata kwa mara ya kwanza maandishi yanayosema seva zao ni zipi na zina nini.

Chuo hichohicho cha Oslo kinaiunganisha historia hii na Afrika Mashariki. Idara yake ya informatiki inaongoza utengenezaji wa DHIS2, mfumo wa wavuti wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, miongoni mwa nyingine. Mpango wa awali nchini Kenya ulikuwa kusimika nakala katika kompyuta za wilayani, kwa kuwa intaneti ilikuwa haitegemeki. Mpango huo ungezaa nakala nyingi za kusasishwa na mafundi wachache wanaosafiri kwa gari, kila moja ikiwa na hifadhidata yake ya kupatanishwa na nyingine. Lakini nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimeshafika: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Modemu za mitandao ya simu zilikuwa zinapatikana madukani. Mwaka 2011 Kenya ilibadili mwelekeo na kuufungua mfumo nchi nzima juu ya seva moja ya katikati, na wafanyakazi wa wilaya wakaingia kwa kivinjari. Sasisho lililofanywa mahali pamoja lilimfikia mhudumu wa Turkana na wa Kwale kwa saa ileile. Uamuzi huo wa kupunguza nakala uliokoa kazi ambayo hakuna zana ya upelekaji ingeimaliza katika mazingira yale.

Fremuweki zilivyozidi kutegemea maktaba za watu wengine, suala la matoleo likawa gumu zaidi. Seva mbili zilizosimikwa kwa kupishana wiki moja ziliweza kuwa na maktaba tofauti ingawa msimbo wa tovuti ulikuwa uleule, kwa sababu kila moja ilichukua toleo lililokuwa jipya siku ile. Bundler, iliyofikia toleo 1.0 Agosti 2010 pamoja na Rails 3.0, ilitatua hilo kwa faili la kufunga matoleo. Mtengenezaji alipokwisha kujaribu tovuti yake, majina na namba kamili za maktaba zote ziliandikwa katika faili hilo, na kila seva ikasimika hizohizo. Kwa upande wa PHP, Nils Adermann na Jordi Boggiano walitoa Composer mwaka 2012 kwa mfano huohuo, nayo ikawa msingi wa Drupal 8 na fremuweki karibu zote za PHP zilizofuata. Faili la kufunga ni orodha pia. Mtu anayetaka kujua kama maktaba fulani ipo katika tovuti zake hamsini huweza kuuliza mafaili hamsini na kupata jibu kwa dakika moja.

Rails iliyajua manufaa hayo Januari 2013. Tarehe 8 mwezi huo yalitolewa matoleo manne kwa mkupuo, 3.2.11, 3.1.10, 3.0.19 na 2.3.15, kuziba tundu lililomruhusu mgeni kutuma data ya XML yenye YAML ndani yake na kuendesha msimbo wowote kwenye seva. Karibu kila tovuti ya Rails iliyokuwepo duniani iliguswa. Kabla mwezi haujaisha, hifadhi kuu ya maktaba za Ruby, RubyGems.org, nayo ilivamiwa kwa udhaifu wa jamii hiyo ya YAML, ikabidi maktaba zake zihakikiwe upya. Waliokuwa kwenye toleo linalohudumiwa walimaliza kazi jioni moja. Waliobaki kwenye toleo lililoachwa ilibidi wahamie toleo jingine kwanza, kazi ya wiki au miezi, huku tundu likiwa wazi.

Umbali kati ya matoleo makuu ndio deni lililowatesa hata wakubwa. GitHub, kampuni ambayo karibu kila mtengenezaji wa Rails anahifadhi msimbo wake humo, kwa miaka ilitumia nakala yake yenyewe iliyorekebishwa ya Rails 2.3. Hata baada ya kuiacha nakala hiyo, kutoka 3.2 hadi 5.2 kuliwachukua wahandisi wake mwaka mmoja na nusu, hadi Agosti 2018. Walipita toleo moja baada ya jingine, majaribio yote yakiendeshwa juu ya fremuweki mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya. Baadaye walianza kufuata msimbo mpya wa Rails karibu kila wiki, ili umbali usijikusanye tena.

Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 2014 ni tarehe muhimu kuliko zote katika historia hii. Siku hiyo Drupal ilitoa toleo 7.32. Stefan Horst wa kampuni ya Ujerumani ya SektionEins alikuwa amegundua kosa katika sehemu ya Drupal 7 inayotayarisha maulizo ya hifadhidata, sehemu iliyoandikwa kwa makusudi ya kuzuia mashambulizi ya aina hiyo. Drupal ilipopewa orodha ya thamani, ilitengeneza jina la muda kwa kila moja kwa kutumia ufunguo wake katika orodha. Ilidhani funguo zitakuwa 0, 1, 2 na kuendelea. Mshambuliaji aliyetuma orodha badala ya neno katika kisanduku cha jina la mtumiaji aliweza kuandika amri ya SQL katika ufunguo wenyewe, na amri hiyo ikaingia katika ulizo bila kuchujwa. Hakuhitaji akaunti wala nywila. Kiraka kilikuwa cha mstari mmoja: orodha ilipitishwa kwanza katika kitendo cha PHP kinachotupa funguo za mtumaji na kuweka namba za kawaida.

Mstari mmoja huo uliuonyesha udhaifu kwa yeyote aliyeusoma. Ndani ya saa chache programu za kushambulia zilikuwa zinapita katika intaneti nzima. Tarehe 29 Oktoba kikosi cha usalama cha Drupal kilitoa tangazo ambalo wasimamizi hawakuwa wamewahi kulisoma mfano wake: kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikusasishwa kabla ya saa saba kupita tangu tangazo la kwanza ichukuliwe kuwa imevamiwa. Kwa saa za Afrika Mashariki kiraka kilitoka kama saa moja jioni, na muda ukaisha saa nane usiku. Msimamizi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyekuwa amekwenda nyumbani na kulala, kama ilivyo haki yake, aliamka akiwa amechelewa. Tangazo lilieleza pia kwamba kusasisha baada ya hapo hakuondoi mlango wa siri uliokwisha kuachwa, na kwamba msimamizi akiikuta tovuti yake imetiwa kiraka ambacho hakukiweka yeye, ajue mshambuliaji ndiye aliyekiweka ili kuwafungia wengine. Ushauri ulikuwa kurudisha nakala rudufu ya kabla ya tarehe 15. Kampuni chache zilizohifadhi Drupal pekee zilikuwa zimeweka kinga mbele ya tovuti zote za wateja wao kwa wakati mmoja, na wateja hao walinusurika bila kufanya lolote.

Funzo lilichukuliwa. Kosa jingine kubwa lilipopatikana mwaka 2018, Drupal ilitangaza wiki nzima mapema kwamba sasisho litatoka tarehe 28 Machi kati ya saa 12:00 na 1:30 jioni kwa saa za London za majira ya baridi, bila kusema kosa ni nini. Iliahidi pia viraka kwa matoleo ambayo kwa kawaida yasingepata tena. Wasimamizi walijipanga zamu, na mashambulizi makubwa yalianza takriban wiki mbili baadaye.

WordPress ilikwenda njia nyingine, ya kumwondolea mwenye tovuti kazi hiyo kabisa. Toleo 2.7 la Desemba 2008 lilimpa kitufe cha kusasisha. Toleo 3.7 la Oktoba 2013 liliiwezesha tovuti kujisasisha usiku yenyewe kwa masahihisho madogo na ya usalama. Wasimamizi wa mashirika waliliogopa jambo hilo, maana walizoea kujaribu kila kitu kwanza, na wengi walilizima. Kwa mamilioni ya tovuti zisizo na msimamizi lilikuwa kinga kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Hatari ya njia hiyo ilionekana Februari 2018, toleo 4.9.3 lilipotoka na kosa ndani ya sehemu ileile inayojisasisha. Tovuti zilizolipokea zikapoteza uwezo wa kujisasisha. Toleo 4.9.4 lilitoka kesho yake, lakini mtu alipaswa kulibonyeza kwa mkono au kampuni inayohifadhi tovuti imfanyie.

Mkasa wa mwaka 2017 uliikumba Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo ya watu, yenye fedha, wataalamu na utaratibu ulioandikwa. Tarehe 7 Machi udhaifu katika fremuweki ya Java iitwayo Apache Struts ulitangazwa pamoja na kiraka. Siku mbili baadaye watu zaidi ya 400 ndani ya kampuni walipokea agizo la kuziba ndani ya saa 48. Lakini orodha ya waliotumiwa agizo ilikuwa imepitwa na wakati, na waliohusika na mfumo wa kupokea malalamiko ya wateja hawakulipata. Ukaguzi wa mashine ulifanywa pia, ukatazama folda ya juu na kuikosa Struts iliyokuwa katika folda ya ndani. Washambuliaji waliingia katika mfumo huo tarehe 13 Mei na kukaa humo hadi mwisho wa Julai, kwa kuwa kifaa kilichopaswa kuchunguza mawasiliano kilikuwa na cheti kilichokwisha muda. Taarifa za watu takriban milioni 147 zilichukuliwa, na Julai 2019 kampuni ilikubali fidia iliyoweza kufikia dola milioni 700.  Waliohusika na mfumo mmoja hawakuwa katika orodha.

Tangu hapo juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye orodha zenyewe. Dependabot, iliyoanza 2017 na kununuliwa na GitHub mwaka 2019, husoma faili za kufunga matoleo na kuandika pendekezo la sasisho kila maktaba inapotoa kiraka. Makontena ya Docker, yaliyotoka 2013, yaliifanya fremuweki, lugha na maktaba zisafiri kama furushi moja. Hilo lilirahisisha upelekaji, ila lilificha matoleo makuukuu ndani ya mafurushi ambayo hakuna anayeyafungua. Mei 2021 serikali ya Marekani iliagiza kwamba programu zinazouzwa kwake ziandamane na orodha ya vijenzi vyake. Miezi saba baadaye, Desemba 2021, udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu iliyozama ndani ya programu nyingi za Java, ulifanya orodha hiyo itafutwe kila mahali kwa dharura. Waliomaliza kuweka toleo 2.15.0 walilazimika kuanza upya kwa 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote ndani ya mwezi mmoja. Wenye orodha walirudia amri zilezile mara nne, na wasio nayo walikuwa bado wanatafuta.

Drupal 7 yenyewe, iliyotolewa tarehe 5 Januari 2011, ilipangiwa mwisho wake Novemba 2021. Tarehe hiyo ilisogezwa zaidi ya mara moja, kwa sababu tovuti nyingi mno zilikuwa bado hazijahama na kuhamia Drupal 8 au toleo la baadaye kulimaanisha kuijenga tovuti upya. Huduma rasmi ilifungwa tarehe 5 Januari 2025. Waliobaki wanaweza kununua viraka kutoka kampuni binafsi, mradi wajue ni tovuti zao zipi bado zinaiendesha.